Gigabaiti Kumi na Tano na Beseni Moja

Jumatatu, Machi 4

Sijawahi kuwa mtu wa shajara. Naandika hii kwa amri ya Injinia, mdogo wake mume wangu, ambaye chuo cha uinjinia hajui hata lango lake. Anatengeneza kompyuta kwenye kibanda cha vioo mkabala na benki, na jina hilo alijipa mwenyewe tukalizoea.

Habari yenyewe ni hii. Studio ninakofanya kazi inafungwa mwisho wa Aprili. Mzee mwenye studio alituita leo asubuhi, sote wanne, akasema macho yake yamechoka na mwenye nyumba anavitaka vyumba vyake. Nimekaa pale miaka kumi na tisa nikitengeneza picha za zamani: zilizochanika, zilizoliwa na mchwa, zilizoingia maji. Kiinua mgongo nitapewa mara moja tu, na nimeshaamua kitakuwa kompyuta ya kufanyia kazi nyumbani. Wateja wamesema watanifuata. Nina miaka hamsini na mmoja. Mashine hiyo lazima inifikishe sitini, maana baada ya hapo hakuna kiinua mgongo kingine. Nikikosea kuchagua, nitakuwa yule mama anayewaambia wageni kwamba zamani alikuwa na kazi.

Injinia amenikataza kwenda dukani. "Shemeji, watu wananunua kompyuta kama tikiti maji, wanaigonga gonga tu wanasema hii nzuri. Wewe pima kwanza kazi yako." Kwa hiyo kila siku niandike picha niliyoishughulikia, prosesa ya mashine ya studio imefika asilimia ngapi, na kumbukumbu imetumika gigabaiti ngapi. Wiki sita hivi. Wazo lilinipendeza, ingawa sikumwambia, kwa sababu ukimsifu anavimba.

Leo: picha sita za pasipoti. Prosesa 20, kumbukumbu 6.

Jumanne, Machi 5

Bibi harusi aliyechanika katikati. Prosesa 61, kumbukumbu 11. Mvua imeanza.

Jumatano, Machi 6

Chumba nitakachofanyia kazi ni kile kilichokuwa cha kufulia. Kina dirisha kubwa lisilopigwa na jua, na mtu wa picha hatafuti zaidi ya hapo. Kina pia bati linalovuja pale kwenye kona, karibu na tundu la kutolea maji. Jana nilitega beseni. Asubuhi limejaa hadi mdomoni. Nikamwambia mume wangu: beseni moja kwa usiku. Yeye ni seremala, na namwita Fundi kama wateja wake wanavyomwita. Akasema beseni moja si kitu, atabandika kiraka mvua zikipungua.

Prosesa 34, kumbukumbu 9.

Jumamosi, Machi 9

Injinia amekuja kula. Siku hizi anakuja, lakini anakaa kiti cha karibu na mlango kama mtu aliyeacha teksi inamsubiri.

Nilimwomba anieleze kwa lugha ya watu. Akasema prosesa ni mikono ya fundi, kumbukumbu ni meza yake. Mikono ikiwa mizito, kazi inachelewa. Meza ikiwa ndogo, kila mara unashusha kitu chini ili upate pa kuweka kingine. Kisha akaongeza lile analoliamini kwa moyo wote: prosesa ukishanunua umenunua, kuibadilisha ni shughuli pevu, ila kumbukumbu unaweza kuongeza baadaye. Kwa hiyo mtu anayetaka mashine ya miaka mingi aweke nguvu kwenye prosesa.

Fundi alikuwa anatafuna tu. Nikamuuliza anaonaje. "Muulize Injinia," akasema. Hilo ndilo jibu lake la wiki nzima. Nikimuuliza rangi ya ukuta, muulize Injinia. Meza iwe na kimo gani, muulize Injinia, na mwenye kutengeneza meza ni yeye! Nimeanza kuona uvivu ndani yake, au kejeli.

Jumatatu, Machi 11

Kadi za kazini, thelathini. Prosesa 22, kumbukumbu 7. Beseni moja.

Alhamisi, Machi 14

Babu aliyeliwa na mchwa, limebaki jicho moja na kofia. Prosesa 70, kumbukumbu 14. Beseni moja.

Jumamosi, Machi 16

Niandike kile kisa cha kompyuta ya mapajani, ili nikisome siku nitakapomchoka Injinia.

Miaka sita iliyopita Fundi alitaka mashine ndogo ya kuchorea makabati. Injinia akamchagulia moja nyembamba, inang'aa. Baada ya miezi minane ikawa inafungua mchoro mmoja kwa muda wa kuchemsha chai. Injinia akaifungua ili aongeze kumbukumbu, akakuta imechomelewa kwenye bodi, hakuna nafasi ya kuongeza hata punje. Hakuwa ameangalia kabla ya kununua.

Fundi hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba. Yeye aliibatiza ile mashine Sahani, akawa anaweka kikombe chake cha chai juu yake, na kila mgeni aliyefika alisimuliwa asili ya sahani ile na mtaalamu aliyeichagua. Tulicheka sana, na mimi nilicheka. Injinia naye alicheka mara ya kwanza, ya pili, ya kumi. Kisha akaacha kuja. Karibu mwaka na nusu hatukumwona mezani petu, kila akialikwa ana kazi.

Leo prosesa 41, kumbukumbu 10.

Ijumaa, Machi 22

Mvua. Umeme ulikatika. Hakuna namba.

Jumatatu, Machi 25

Amekuja mkunga mstaafu, mama mrefu mwenye sauti ya kuamrisha watu kusukuma. Kaleta picha iliyoviringishwa kama mkeka: yeye na wenzake siku waliyohitimu, wako sitini na wanne kwa safu nne, na karatasi ndefu kuliko mkono wangu. Maji yaliingia upande mmoja na nyuso zimeota madoa. Waliobaki hai ni kumi na mmoja, na watakutana mwezi wa sita. Anaitaka ukutani, na kila uso uonekane.

"Hata waliokufa?" nilimuuliza kijinga.

"Hao ndio hasa," akasema.

Nimeiskani kwa vipande sita. Kuviunga na kuvisafisha ni kazi ya miezi miwili, kwa hiyo nitaimalizia nyumbani. Hii ndiyo kazi ya kwanza ya mashine ambayo bado sijainunua.

Jumanne, Machi 26

Nimeunga vipande vitatu vya mkunga. Prosesa 58, kumbukumbu 15. Beseni moja.

Alhamisi, Machi 28

Vipande vitano. Kumbukumbu 15. Mashine imeganda mara tatu, taa yake ndogo ya diski ikawa inapepesa bila kupumzika. Nilipoitazama prosesa wakati imeganda hivyo nikakuta asilimia nane. Yaani mimi natoka jasho, yeye anapiga miayo. Beseni moja.

Jumatano, Aprili 3

Vipande vyote sita. Kumbukumbu 15. Kila brashi nikipitisha nasubiri, naenda kunywa maji, narudi, bado. Uso wa tatu wa safu ya kwanza umekamilika, binti mwenye mwanya. Mzee wa studio alisimama nyuma yangu akitazama, akasema mashine hii imezeeka kama yeye. Beseni moja.

Jumamosi, Aprili 6

Injinia amepitia daftari langu ukurasa kwa ukurasa, kidole chini ya kila namba. Nilimwonea huruma kidogo, jinsi alivyokuwa makini. Mwisho akasema jambo liko wazi: hata kazi kubwa kuliko zote haijavuka gigabaiti kumi na tano. Kumbukumbu ya kumi na sita inanitosha. Kinachoniangusha ni prosesa ya studio, ya enzi za mababu.

Nikamwonyesha ile asilimia nane. Akasema prosesa ikizeeka hata kujituma haijui. Halikuniingia vizuri, lakini mimi ni mtu wa picha, nitabisha na nini?

Jumanne, Aprili 9

Nyuso mbili. 15. Beseni moja.

Jumamosi, Aprili 13

Tumekwenda dukani, mimi na Injinia. Muuzaji alitaka kutuonyesha taa za rangi zinazowaka ndani ya kasha, Injinia akamwambia afungue kifuniko. Akawasha tochi ya simu, akainama, akaingiza kichwa karibu chote akihesabu nafasi za kumbukumbu. Muuzaji alinitazama kama kuuliza huyu mzima? Mimi nilijua anachokitafuta mle ndani. Miaka sita anakitafuta.

Zimebaki mbili, na bei ni ileile. Ya kwanza ina prosesa kubwa, ya mwaka huu, kumbukumbu kumi na sita, nafasi mbili na zote zimejaa. Ya pili ina prosesa ya kati, kumbukumbu thelathini na mbili, nafasi nne na mbili ziko tupu. Injinia hakusita. Ya kwanza, maana kumi na sita inanitosha hata kama nafasi zimejaa. Ile ya pili, alisema, unalipia meza ya watu kumi na wewe unakula peke yako. Tumemwambia muuzaji atuwekee, tutalipa Jumamosi ijayo.

Nilipomsimulia Fundi akaitika tu. Nikamuuliza: wewe huna hata neno moja? Hii ni riziki yangu. Muulize Injinia, akaanza, nami nikamwambia akilisema tena nitamwagia chai. Ndipo akaweka kijiko chini.

"Mimi nilimfukuza ndugu yangu hapa mezani kwa mzaha," akasema. "Sikumfukuza kwa mdomo, lakini nilimfukuza. Nikikutuma kwake si kwamba sijali. Nataka awe na sababu ya kuja."

Miaka yote ya ndoa na bado ananipiga chenga. Wiki sita nimeandika kichwani mwangu kwamba ni mvivu.

Jumatatu, Aprili 15

Leo nitaandika kirefu.

Jana jioni Fundi aliloweka shuka kwenye beseni, na mvua ikawa imeanza. Nikachukua pipa la plastiki lililokuwa nje, lile linalonifika kiunoni, nikalitega pale kwenye kona badala yake. Asubuhi nimekwenda kulitoa, halikutikisika. Lilikuwa limejaa kupita nusu.

Nikatoa shuka kwenye beseni, nikaanza kuchota nalo na kumwaga kwenye tundu. Moja. Mbili. Nilipofika la tano nikaketi juu ya ndoo. Mvua ya jana haikuwa kubwa kuliko za wiki zote hizi. Beseni lilikuwa linajaa, maji yanayozidi yanaingia kwenye tundu pale pembeni kimya kimya, na mimi asubuhi nakuta beseni limejaa nasema: beseni moja. Beseni moja, beseni moja, mwezi mzima na zaidi, na kwa mwandiko mzuri kabisa. Nilikuwa naandika ukubwa wa beseni.

Na mashine ya studio ina kumbukumbu ya gigabaiti kumi na sita.

Sikunywa hata chai. Nimefika studio nikafungua picha ya mkunga, nikatazama: kumi na tano. Nikafungua na picha ya babu wa mchwa juu yake: kumi na tano. Nikaongeza ya tatu. Kumi na tano, na taa ya diski inapepesa. Haiwezi kusema zaidi, kwa sababu haina zaidi; ile moja inayobaki inajiwekea yenyewe. Kinachozidi kinashushwa kwenye diski, ghala lake la polepole, ndiyo maana nasubiri, na ndiyo maana prosesa inapiga miayo: mikono ipo, meza imejaa.

Kwa hiyo mashine tuliyoichagua ingekuwa ni ileile ninayoiacha, yenye mikono mipya. Ningeganda nayo hadi miaka sitini.

Nilipaswa kufurahi. Badala yake moyo umekuwa mzito, kwa sababu njia hii ya kupima ni ya Injinia, na aliyepitia daftari kwa kidole ni Injinia. Nikimwambia amekosea, na mara hii tena ni kumbukumbu, nitakuwa nimemrejesha kwenye Sahani. Nikinyamaza, nyuso za wenzake binti mwenye mwanya zitakamilika lini? Mkunga hatangoja. Na mteja wa kwanza akiondoka na picha yake, wa pili atasikia.

Jumanne, Aprili 16

Nimemwambia. Nilikwenda kibandani kwake saa ya chakula ili Fundi asiwepo. Nikamweleza pipa kwanza, kisha mashine. Nilisema "tumekosea" kila mahali nilipoweza kulipachika neno hilo.

 Mikononi alikuwa na bisibisi, akawa anaizungusha.

"Kwa hiyo ni mimi tena," akasema.

Nikamwambia si yeye, tumeandika sote. Akasema hewala shemeji, ana mteja. Hapakuwa na mteja. Nilipovuka barabara nikageuka, nikaona anashusha pazia la kibanda mchana kweupe.

Jumatano, Aprili 17

Hajapokea simu. Fundi ameuliza mezani mbona ndugu yake haonekani. Nikasema labda kazi nyingi. 

Mvua. Sikupima chochote.

Alhamisi, Aprili 18

Saa nne hivi asubuhi mlango wa studio ukafunguliwa, akaingia Injinia, kalowa, na kijipakiti cha nailoni kifuani ndani ya shati. Hakunisalimu mimi. Alimsalimu Mzee wa studio, akamwomba ruhusa ya kufungua mashine.

Ndani ya pakiti kulikuwa na vipande viwili vya kumbukumbu. Kavichomoa kwenye mashine yake mwenyewe ya kibandani, ile anayofanyia kazi, na kibanda kakifunga. Mashine ya studio, kumbe, ina nafasi nne na mbili zilikuwa wazi miaka yote. Akavichomeka, akafunga kifuniko, akasema, "Haya, fungua mama yako mkunga. Vyote sita."

Nikafungua. Nikapitisha brashi juu ya shavu la mtu wa safu ya pili, ikapita. Ilipita tu. Mzee wa studio akavua miwani akaifuta, akavaa tena.

Injinia akachukua daftari langu na kalamu. Namba ifuatayo kaiandika yeye, kwa mwandiko wake wa kuku:

24. Prosesa 38.

"Nilikuambia upime," akasema, "sikukuambia uangalie chombo cha kupimia. Nilipaswa kukiangalia mimi." Kisha akaniambia siku mbili hizi hakuwa amekasirika. Alikuwa anarudia kila hatua kichwani kuona alipoteleza, na hakutaka kuja mikono mitupu.

Nami nilikuwa nimeshamwandika kichwani: anasusa. Nimeandika watu wangapi kichwani msimu huu!

Jumamosi, Aprili 20

Tumenunua ya pili. Prosesa ya kati, thelathini na mbili, nafasi mbili tupu. Muuzaji akatukumbusha kwamba tulisema ile ya kwanza. Injinia akamjibu kwamba aliyesema ni mjinga mmoja anamfahamu sana.

Jumamosi, Aprili 27

Nilimwonyesha Fundi pipa. Akasema mbona siku zote ulisema beseni moja. Nikasema usiniulize. Kashinda juu ya paa na hakubandika kiraka, kabadilisha mabati matatu na ubao uliokuwa umeoza chini yake. Nimempelekea maji mara mbili.

Jumanne, Aprili 30

Studio imefungwa. Mzee alitupa mkono mmoja mmoja. Mimi akanipa na brashi yake ya manyoya ya kufutia vumbi, ya enzi za filamu. Nililia kwenye ngazi, kisha nikaja nyumbani.

Jumamosi, Mei 4

Siku ya kwanza ya kazi katika chumba changu. Meza ya Fundi ina kimo kinachonifaa hasa, na sikuwahi kumpa vipimo.

Mkunga kaja mchana kuangalia. Nimesafisha nyuso thelathini na moja, nikampitisha moja moja, nikimvutia kila uso hadi ujae kioo. Alikuwa anataja: huyu alikuwa na mkono mwepesi, huyu alikuwa mchokozi. Kwa binti mwenye mwanya alinishika bega, akasema niendelee. Mashine haikumsubirisha hata mara moja.

Baada ya kuondoka tukala, sisi watatu. Fundi akasema kwa hiyo Injinia mara hii umepatia.  Nilikuwa tayari kuitikia, ndiyo, kapatia, nifunge mjadala. Lakini Injinia akaweka kijiko chini, kama kaka yake afanyavyo, akasimulia yote: daftari, kidole, kumi na tano, duka, pipa. Akasema, "Nilikosea, kaka. Shemeji ndiye aliyeona."

Fundi hakucheka. Aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na ile kompyuta nyembamba, akaiweka mbele ya ndugu yake. Akamwambia, taratibu, kama inatengenezeka atashukuru, na kama haitengenezeki asamehewe kwa maneno yote aliyowahi kusema juu yake.

Injinia akaigeuza. Juu ya kifuniko kuna duara la kikombe lisilotoka, miaka sita. Akalipitishia kidole.

"Hii haitengenezeki," akasema. "Hii ni sahani, kaka."

Kisha akacheka yeye wa kwanza, hadi akahamisha kiti kutoka mlangoni ili apate pa kuegemea.

Kumbukumbu 24. Nafasi mbili tupu. Jana mvua ilinyesha hadi alfajiri. Kwenye beseni hakuna kitu.